Wiki ya Laini Tupu

Injinia hakuweza kuona foleni akaipita. Iwe ya watu wanaosubiri unga kwenye mashine ya posho, iwe ya wagonjwa kwenye dirisha la zahanati, angesimama kando, mikono nyuma, na swali lake lilikuwa lile lile: "Nani ameondoka?" Hakuuliza nani wa kwanza wala foleni ilianza saa ngapi. Alitaka habari za yule aliyefika, akaona watu ni wengi, akageuka akarudi nyumbani. Huyo, alisema, ndiye mteja asiyeonekana popote, na kazi yetu sisi watu wa simu ni kumtafuta.

Naanza na hilo kwa makusudi, ili ijulikane kwamba alijua. Nitasimulia mengine pia, mazuri yakiwemo, maana mazuri yalikuwepo na sitaki kumdhulumu kama alivyotudhulumu sisi. Lakini msomaji ashike hili moja. Alijua kuliko sote pale Voi kwamba laini ikiwa kimya haina maana kwamba watu hawaitaki.

Tulikuwa naye kwenye kituo cha simu tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mimi niliingia kama opereta, binti wa Wusi niliyeshuka mlimani na cheti cha kidato cha nne na sauti ambayo walisema inafaa kwenye waya. Yeye alikuwa mkubwa wa mitambo. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mkewe alipopiga kutoka bara aliuliza, "Injinia yuko?" na kama alikuwa ametuambia tuseme hayuko, tulisema hayuko, na mama wa watu akashukuru akakata.

Alikuwa mfupi, suruali imepandishwa mpaka juu ya kitovu, na mfuko wa shati ulikuwa na kalamu mbili. Moja haikuandika. Nilimuuliza siku moja kwa nini haitupi, akasema inapumzika. Alikunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa, kwenye kifuniko cha chupa ya chai ingawa vikombe vilikuwepo, na alitangazia ofisi nzima kwamba ameacha sigara huku moshi ukimfuata kutoka nyuma ya chumba cha betri. Hatukumwambia kitu. Mtu akishakufundisha kazi, unamwachia vituko vyake.

Chumba cha mitambo kilikuwa na kelele za kugongagonga mchana kutwa, vile vyuma vya zamani vilivyopandana na kushukiana kila mtu alipozungusha namba. Wageni walifunga masikio. Injinia alifumba macho. Angesimama katikati pale kama mtu anayesali, kisha aseme, "Sasa ni saa nne, wenye maduka wanaagiza mali Mombasa." Unaangalia saa, ni saa nne. Au aseme, "Kuna msiba mahali," kwa sababu simu fupi fupi zilikuwa zinatoka kwenye namba moja kwenda kila upande. Mara nyingi hakukosea.

Kwenye mambo ya misiba alikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Mtu wa Mbololo akifika dirishani na uso umemshuka, hajui atawapataje jamaa zake walio Nairobi, Injinia angemwondoa mtu mwingine kwenye laini, hata awe mkubwa wa wilaya, ampe yule mfiwa. Nilimwona akifanya hivyo zaidi ya mara moja, tena bila kujisifu. Ndiyo maana hata leo nikitaka kumchukia moja kwa moja nashindwa, na hilo nalo linanikera.

Aliyemtilia shaka tangu mwanzo alikuwa Bi Zuhura, mkubwa wetu kwenye swichibodi, mzaliwa wa Voi ambaye wazee wake walitoka pwani na reli. Yeye aliketi kwenye kiti chake akiwa amejifunga leso juu ya sare, na Injinia alipopita na hesabu zake alimfuata kwa macho.

"Bwana yule fundi, sikatai," aliniambia. "Lakini mtazame wakija wakubwa kutoka Mombasa. Huanza kucheka kabla hawajamaliza kusema."

Nilicheka pia, nikadhani ni wivu wa ofisini. Lakini ilikuwa kweli. Wakubwa walipokuja, sauti ya Injinia ilipanda, akawa mwepesi wa kufungua milango. Mtu ambaye teknishani wake akikadiria tu tarakimu moja alifokewa mpaka akatamani kuacha kazi, mbele ya wakubwa aliweza kuitikia jambo ambalo dakika tano zilizopita alikuwa amelipinga kwa ukali. Nilimhesabia hilo kuwa adabu.

Alinitoa swichibodi mwenyewe. Alisema nina kichwa cha hesabu na kwamba ni dhambi kuniacha nichomeke waya mpaka nizeeke. Nikawa msaidizi wake wa kusoma mita, vile visanduku vinavyoonyesha laini za kwenda mahali fulani zimeshikwa kwa muda gani katika kila saa. Kutokana na hizo mita ndipo unapojua kama mahali panahitaji laini zaidi. Somo langu la kwanza lilikuwa kwamba mita haina akili.

"Mita inamjua nani?" aliniuliza.

"Anayepiga simu."

"Hapana. Inamjua aliyepata. Aliyepiga akasikia bizi, mita haimjui. Aliyechoka hata kujaribu, mita haimjui kabisa. Sasa wewe ukisoma hapa ukaona kidogo, utasema nini?"

"Nitasema sijui mpaka niulize."

Alifurahi mpaka akanimiminia strungi kwenye kile kifuniko chake. Sijawahi kujisikia msomi kama siku ile.

Intaneti ilipoanza kusikika Mombasa, Injinia alipata ugonjwa mpya. Alikuwa ameletewa makala na rafiki yake wa Nairobi kuhusu namna kompyuta zinavyotumia laini, akazisoma mpaka karatasi zikalegea. Hesabu zetu za zamani, alisema, zilitungwa kwa ajili ya watu. Mtu husema dakika chache, koo likakauka, au akakumbuka bili. Modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, haina koo. Inaweza kushika laini alasiri nzima huku inapitisha mambo kwa vishindo, kisha kimya, kisha kishindo kingine. Wakubwa walikuwa wanapanga laini kwa wastani, na yeye alikuwa na hakika kwamba wastani utawaaibisha.

Alinipeleka kunionyesha kwa macho. Sote tunaoishi Voi tunajua mabasi ya Nairobi na Mombasa husimama hapa abiria wale. Tulikaa kwenye hoteli moja pale barabarani tangu asubuhi, tukimtazama mama wa jikoni na chapati zake. Kwa muda mrefu aliingia mtu mmoja, akatoka, akaingia mwingine. Kisha mabasi yakaingia yakifuatana, watu wakajaa mpaka mlangoni, chapati zikaisha, wengine wakarudi kwenye basi na njaa.

"Unaona hizo basi?" Injinia akanigusa bega. "Ukichukua wateja wa siku nzima ukagawa kwa masaa, utamwambia huyu mama apike kidogo kidogo. Atakuwa na chapati za kulala saa hii, na saa ile atafukuza watu. Simu za kawaida ni hawa wa mtaa, mmoja mmoja. Intaneti ni basi. Na basi hazigawanyiki vizuri ati kwa sababu umengoja. Kuna saa ya basi, kuna siku ya basi, kuna msimu wa basi. Ukiangalia kwa karibu ama kwa mbali, sura ni hiyo hiyo."

"Sasa mtu apange vipi?"

"Asipange kwa wastani. Apange kwa ile saa mbaya. Na ajue saa mbaya itakuja tena, mbaya kuliko hiyo."

Mama wa jikoni alitufukuza mwishoni kwa sababu tulikuwa tumekalia meza kwa chai moja moja. Injinia akamwambia anamfanyia utafiti. Mama akamwambia aufanye akiwa nje.

Sasa nifike Wusi, maana nimezunguka vya kutosha.

Wusi ilikuwa na kibanda kidogo cha mitambo na laini chache sana za kushuka Voi, zilizopita kwenye nguzo bondeni. Laini zikijaa, aliyebaki alisikia bizi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliongoza kikundi cha kina mama wanaolima kabeji, nyanya na pilipili hoho kwenye vishamba vya mlimani, na kikundi kilikuwa na simu kwenye stoo yao. Kabla ya kupakia gari ilibidi wampigie dalali wa soko la Kongowea, Mombasa, wajue kama soko lina nafasi. Wakimpata, mzigo uliuzwa. Wakimkosa, walipakia kwa kubahatisha, na siku ambayo kila mlima umeshusha mazao, kabeji zilimwagwa kando ya soko na dereva akadai nauli yake vile vile. Maisha ya kina mama wale yalitegemea hiyo simu ya asubuhi, na asubuhi ndipo kila mtu alipoitaka laini. Halafu shule moja ya wasichana mlimani ikapewa kompyuta na wafadhili, mwalimu mmoja akaanza kutuma imeli, na modemu yake ikimeza laini moja hairudishi.

"Hiyo simu yenu inatuua," shangazi aliniambia kila nilipopanda nyumbani. "Wewe si unakaa na wakubwa wa simu? Waambie."

Nilimwambia Injinia. Alisisimka. Wusi ilikuwa mfano wa kila alichosoma, watu na modemu kwenye waya huo huo. Na habari ilikuwa imefika kwamba wilaya yetu itapata mtambo mmoja wa redio wa kuongeza laini. Mmoja tu. Mlimani walikuwa wanauhitaji, na kule chini tambarare wenye hoteli za watalii walikuwa wanautaka kwa ajili ya intaneti ya wageni wao. Mkubwa wa Mombasa akaamua kwamba pande zote mbili zipimwe wiki moja, na upande utakaoonyesha laini zimejaa ndio utakaoupata.

Injinia alipanda nami Wusi siku ya Jumamosi. Shangazi alipika kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, Injinia akala akaomba aongezewe, na kina mama wakampenda hapo hapo. Alisimama akawaeleza kwamba Jumatatu mita zitaanza kusoma, na kwamba matokeo ndiyo yatakayoamua.

"Sisi tufanye nini, Injinia?" shangazi akauliza.

"Msifanye kitu, mama. Muwe tu na subira."

Lazima nieleze mfereji. Mashamba ya Wusi hunyweshwa kwa mifereji ya zamani, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Mfereji ukitaka kupimwa au kutengenezwa, nyumba zote huzuia mikono yao. Hakuna anayefungulia shamba lake, hata kama miche inakauka, mpaka wazee wapite na kuona mfereji vizuri. Anayechota maji siku hiyo anaonekana hana malezi. Basi watu wangu walipoambiwa laini inapimwa, walifanya walichofundishwa tangu utotoni. Walikubaliana wao kwa wao, ikatangazwa kanisani Jumapili, na kuanzia Jumatatu hakuna aliyeinua simu. Zahanati ilituma mtu kwa miguu. Mwalimu alizima modemu yake. Kina mama walipakia kabeji bila kujua soko likoje, wakapata hasara wiki nzima, na walifanya hivyo kwa moyo mweupe, ili Injinia afanye kazi yake bila kusumbuliwa.

Mimi niko Voi, naangalia mita za Wusi hazisogei. Jumatatu nilidhani waya umekatika. Jumanne tukaujaribu waya, mzima. Jumatano Mwakio, jirani yetu wa Wusi anayeuza nyanya sokoni Voi, aliniambia huku akipanga mafungu yake, "Tumewaachia laini. Mnapima vizuri?"

Nilikimbia. Nilimkuta Injinia na kalamu yake inayoandika.

"Injinia, Wusi wameacha kupiga kwa sababu ya kupima. Wanadhani ndiyo heshima. Hii wiki haifai."

Hakuinua kichwa. "Nimesikia, Mshai."

"Tuwapigie tuwaambie?"

"Nimesema nimesikia. Endelea na mita."

Nikaendelea na mita. Nilimwamini mia kwa mia. Nani angejua zaidi yake kwamba kipimo kile ni bure? Nilidhani atapima upya, au ataongeza wiki, au ataeleza. Nilikuwa na amani kabisa mpaka siku ya mkutano.

Wakubwa watatu walikuja kutoka Mombasa. Nilikaa mwisho wa meza na mita zangu zilizokwisha kusomwa. Injinia alisimama, sauti imepanda ile ya wageni, akaeleza intaneti na vishindo vyake, akatoa hata mfano wa mabasi na chapati. Wakubwa wakatikisa vichwa. Akasema laini za tambarare zimejaa kama alivyokuwa ametabiri, na kwamba ukuaji utakuwa mkubwa kuliko wastani unavyoonyesha. Kisha mkubwa mmoja akauliza, "Na huko mlimani?"

"Wusi laini zinatosha," Injinia alisema. "Kwa kweli karibu hazitumiki."

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, lakini sauti ilikuwa imeanza kutoka. Injinia akanigeukia kwa tabasamu.

"Mshai, hebu tuangalilie kama chai iko tayari."

Nikaenda kuangalia chai. Ilikuwa tayari tangu zamani. Nilisimama kwenye jiko la umeme na birika, machozi yananitiririka, na Bi Zuhura akaja akanikuta. Hakunikumbusha kwamba alikuwa amenionya. Alinipangusa uso kwa ncha ya leso, akachukua sinia akalipeleka mwenyewe.

Nilihisi nimesalitiwa, na sitafuti neno la kupunguza. Angekuwa mjinga ningemsamehe kabla chai haijapoa. Aliyekuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa ni mtu yule yule aliyenifundisha kumtafuta aliyeondoka kwenye foleni. Watu wangu wote walikuwa wameondoka kwenye foleni kwa ajili yake, akawaandika kwamba hawakuwahi kuwepo.

Mtambo ulikwenda tambarare. Utabiri wake wa intaneti ukatimia barabara, wageni wa hoteli wakajaza laini kwa vishindo kama alivyosema, na Nairobi wakamwita. Alipandishwa cheo. Tulimfanyia karamu ndogo ya kumuaga, na aliponipa mkono aliniambia nisiache hesabu. Nilisema, "Sawa, Injinia." Nilikuwa bado na adabu zangu za Wusi.

Mvua za El Niño zilipokuja, barabara ya mlimani ikaporomoka, na kila mtu juu kule akataka simu kwa wakati mmoja. Ile ndiyo ilikuwa saa mbaya aliyokuwa akiisema. Laini zilikuwa zile zile chache. Mazao ya kina mama yalioza stoo huku dalali akilalamika Kongowea kwamba watu wa Wusi wamenyamaza, akachukua wakulima wengine, na barabara ilipotengenezwa hakuwarudia. Kikundi kikafa. Wengine walirudia mahindi ya kula nyumbani, wengine wakashuka kutafuta vibarua. Shangazi alibaki na funguo za stoo.

Na muda wote huo aliniuliza, "Injinia wetu hajambo?" Alinipa parachichi nimpelekee, nikazila mimi na Bi Zuhura. Sikuwa nimemwambia. Niliona amepoteza kikundi, kwa nini nimpotezee na mtu mwema aliyekula kimanga chake.

Nilimwona Injinia tena mwishoni mwa muongo ule, kwenye kituo cha petroli hapo barabara kuu. Alikuwa kwenye gari la kazi, anaelekea Mombasa. Suruali ilikuwa imeshuka mahali pake kwa sababu amekonda, na alikunywa maji matupu, akaniambia ana sukari. Tulikaa kwenye benchi kando ya pampu. Alinisimulia vikao vya Nairobi, na namna wanavyong'ang'ania wastani hadi leo. Nilimsikiliza kidogo kisha nikamkatiza.

"Injinia, Wusi uliwafanyia nini?"

Gari liliwekwa mafuta likaondoka, likaja lingine.

"Nilijua utaniuliza," akasema. "Mshai, wewe uliniambia Jumatano. Jumatano nusu ya wiki imeisha. Mombasa hawangenipa wiki ingine, hao watu unawajua. Ungeniambia Jumatatu asubuhi, haki ya Mungu, ningewapigia mimi mwenyewe niwaambie wapige."

"Ungesema kwenye mkutano."

"Ningesema, mtambo ungeenda wilaya ingine kabisa. Nilichagua kitu kisipotee chote." Akanitazama, macho yamelowa. "Nimebeba hiyo maneno mpaka leo. Nisalimie shangazi yako, umwambie nilichelewa kujua. Tafadhali."

Nikamwamini. Sioni haya kusema. Alikuwa mgonjwa, alikuwa mwalimu wangu, na nilikuwa nimechoka kubeba kinyongo. Nilimpa mkono kwa moyo wote, nikamsindikiza mpaka garini.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Wusi na salamu zake. Shangazi alikuwa nje anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa chini kando yake nikamweleza yote kwa mara ya kwanza, taratibu, kwamba laini yao ilionekana haitumiki kwa sababu hawakupiga wiki ile, kwamba mtambo ulikwenda tambarare kwa ajili hiyo, na kwamba Injinia anasikitika, alijua Jumatano, akawa amechelewa.

Shangazi aliacha maharagwe.

"Jumatano?" akasema. "Hapana, mwanangu. Alipiga Jumatatu. Asubuhi, nikiwa nafungua stoo. Nilipokea mimi. Nikamwambia, 'Injinia, tumekuachia laini, hakuna mtu atapiga mpaka umalize.'"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Asante sana mama, endeleeni hivyo hivyo.'"

Nilishindwa kumtazama. Yeye alikuwa bado anayapanga yale niliyomweleza, moja baada ya jingine, na niliona yanapofika.

"Kumbe ilitakiwa tupige," akasema. "Si angeniambia?"